Kadi Mbili za Wodi ya Wanaume

Watu wa kwetu hawamtembelei mgonjwa, wanamvamia. Ogeto alipoanguka kutoka juu ya paa la nyumba yake kule Ekerenyo na kukimbizwa hospitalini Kisii mjini, kanisa zima lilipata habari kabla daktari hajamaliza kuandika jina lake. Siku ya Sabato, ibada ilipokwisha na watu wakamaliza kula, walikodi gari wakaja watu kumi na mmoja, na chupa tatu za uji ambao mgonjwa hakuwa na uwezo wa kuumeza.

Gesare, mkewe, alikuwa amewatangulia. Asubuhi hiyo nesi aitwaye Persis alimpigia simu akamwambia kwamba mumewe amezinduka na amekuwa akimuulizia tangu alfajiri. Aje leo, asingoje Jumapili. Nesi hasemi hivyo bure, na Gesare hakuhitaji kufafanuliwa. Aliwaacha watoto kwa jirani, akashika njia.

Alikuwa na neno moja tu la kumwambia Ogeto, nalo lilikuwa likimchoma tangu Jumatano. Mvua ilikuwa imevuja hadi kwenye kitanda cha watoto, naye akamwambia mumewe yale ambayo mwanamke aliyechoka huyasema: kwamba hata kuku wa jirani yao Nyangau wanalala pakavu. Kulipopambazuka Ogeto akapanda juu bila kunywa chai, mabati yakiwa bado yameloa. Mbavu zilivunjika, mmoja ukatoboa pafu. Siku mbili alilala kwa dawa, hasikii la mtu. Leo ndipo angeweza kumsikia mkewe akimwomba msamaha.

Sheria za kuwaona wagonjwa zilibandikwa ukutani, na Ondieki, askari wa mlangoni, alizijua kuliko alivyojua Amri Kumi. Saa za mchana zilikuwa zimeshapita Gesare alipofika; jioni ni saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili. Kila mgonjwa ana kadi mbili, na asiye na kadi haingii. Gesare alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alipewa kadi zote mbili, na mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi gari la kanisa lilipoingia.

Hapo ndipo alipokosea, na mimi simlaumu sana, maana mama yake alimlea hivyo, na wangu pia. Mzee Anyona wa kanisa alimshika mkono, akamweleza kwa upole kwamba wametoka mbali na dereva anataka kurudi mapema. Yeye Gesare ni mwenyeji, atakuwa na wakati. Mwenyeji haingii kula kabla ya wageni, hata kama chakula chenyewe ni huzuni. Gesare akatoa kadi. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini wao hawakuona wodi ya wanaume siku ya Sabato.

Kadi ya kwanza ilichukuliwa na mzee Nyabuto, baba yake Ogeto. Nani angemnyima mzazi? Ya pili ilipita mkono hadi mkono. Huyu aliingia akaomba, akatoka akijipangusa macho, yule akaingia akaomba zaidi ya mwenzake. Mama mmoja alishuka na kumwambia Gesare kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, kisha akaanza kulia. Gesare alitabasamu, akashukuru, akawashikia wageni mikoba. Moyoni aliwachukia wote kumi na mmoja, kisha akajichukia kwa kuwachukia watu waliokuja na uji.

Kadi ilimrudia zikiwa zimebaki dakika kumi na tano. Alipanda ngazi mbiombio, na alipofika mlango wa wodi akasimama ghafla.

Mzee Nyabuto alikuwa bado ameketi kando ya kitanda, ameinamisha kichwa, anaomba.

Asiyekuwa Mgusii atauliza, basi si kadi zilikuwa mbili? Ndiyo, sheria ya hospitali iliwaruhusu wote wawili. Yetu haikuruhusu. Mkwe na baba mkwe wana chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya. Hawashikani mikono, na mzee haingii chumbani kwa mwanawe. Hospitalini baba anaweza kukaa kando ya kitanda, kwa kuwa ni kitanda cha serikali. Mke akikikaribia, kinakuwa kitanda cha mtu na mkewe, na mzee hana tena la kufanya pale. Kwa miaka kumi na mmoja Gesare na Nyabuto hawakuwahi kukiuka hilo hata mara moja, na kijiji kiliwasifu kwa hilo.

Basi alisubiri mzee atoke. Akasimama pale mlangoni, macho chini kama ilivyompasa, akiyainua kidogo kidogo. Kuna wakati Ogeto aligeuza uso upande wake. Midomo yake ilisogea. Gesare alivuta hatua moja, kisha akairudisha. Mzee aliendelea kuomba.

Kengele ikalia. Ondieki alipita akiwatoa watu, na Gesare alimwomba dakika mbili tu. Alikataa, si kwa ukali, akisema kuwa akimpa yeye atawapa wote. Persis alikuwa amemaliza zamu, na nesi aliyempokea hakumjua Gesare. Alimwambia tu: kesho saa sita na nusu, mama.

Alilala kwa binamu yake pale mjini. Saa moja asubuhi hospitali ilipiga simu, na alipofika alimkuta Nyabuto, ambaye naye hakurudi na gari la kanisa, peke yake kwenye benchi la nje ya wodi, kofia mapajani. Hakuulizwa kadi na mtu yeyote. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jipya.

Alikaa mwisho wa benchi, mbali na mzee. Nyabuto akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu amlipie mahari akamtazama usoni.

"Jana alikuona pale mlangoni," alisema. "Akaniambia, baba, toka, Gesare aingie. Nikamwambia angoje nimalize maombi."

Gesare alitaka kumpiga. Hasira ilimpanda, na mzee aliiona wala hakujikinga. Kisha akaikumbuka hatua ile moja aliyoivuta akairudisha, jinsi wodi ilivyokuwa fupi, na jinsi ambavyo hakuna aliyemshika nguo.

"Mlango ulikuwa wazi, baba," alisema. "Ningeingia tu."