Mji Usio na Kikohozi

Mume wangu alisaga unga wa watu mpaka kifua chake kikagoma. Mtaa mzima unamwita Bwana Unga, kwa sababu miaka yote hiyo alikuwa akirudi nyumbani mweupe kuanzia nywele hadi kope. Alipostaafu, daktari akatuambia vumbi la mashine limeshafanya kazi yake, na sasa unyevu wa nyumba yetu unamalizia. "Tafuteni mahali pakavu," akasema, akatabasamu, kana kwamba pakavu panauzwa dukani kwa kilo.

Basi Bwana Unga akapatafuta. Akapata mji katikati ya jangwa, mkavu hata mate unayameza kwa kujibana. "Twende likizo tu, mama watoto," akaniambia. "Tuuone. Ukikupendeza, tunahamia, tunazeekea huko. Usipokupendeza, basi, hatutauzungumzia tena." Nikasema sawa. Moyoni nikasema, haya, utaona.

Maana mimi nina kwangu. Nina bustani nyuma ya nyumba, mboga zinaota bila hata kubembelezwa. Nina mdogo wangu ng'ambo ya uzio, na kila asubuhi tunapiga soga pale, kila mtu na kikombe chake, mpaka chai inapoa. Niache yote hayo nikatazame mchanga? Thubutu!

Tulifikia nyumba ya wageni yenye kuta nene na vidirisha vidogo. Chumbani kitanda cha chuma, kiti kimoja, na ndoo ya maji yenye mfuniko mzito, nadhani maji yasije yakatoroka. Mwenye nyumba, mama mmoja mnene, mchangamfu, alitupokea utadhani jangwa lenyewe kalifyeka yeye.

"Hapa hatuna mbu hata mmoja," akajisifu.

"Mbu wana akili zao," nikamjibu.

Akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Alidhani natania, masikini.

Nikaanza kazi ya kutafuta kasoro, na mji haukunibania. Mchanga kwenye shuka. Mchanga kwenye mkate. Napiga mswaki, mchanga. Sokoni muuzaji akanionyesha nyanya zake, ndogo, zimekunjamana, kazipanga juu ya kitambaa kisafi. Nikamuuliza, "Hizi unaziuza au tumekuja kuziaga?" Mchana milango yote imefungwa, mtaani hakuna mtu, na mbwa aliyelala kivulini kwetu alifungua jicho moja, akanitazama, akaona sistahili kubwekewa.

"Mji mzuri sana," nikamwambia Bwana Unga. "Mtu akifa hapa, wiki nzima hatagundua tofauti."

Bwana Unga akacheka. Nikampa nyingine, akacheka tena, akajifuta machozi. Nami nikavimba kichwa kwa ufundi wangu, wala sikushtuka kitu.

Hapo lazima niseme habari za kikohozi chake. Nyumbani simwiti mume wangu, namsikiliza tu. Kikohozi kifupi, yuko uani. Kikiwa kirefu, kinakwama katikati, basi anapanda vile vidaraja viwili vya mlango wetu na niende nikamshike mkono. Nimelala nacho, nimepika nacho, nimegombana naye kikiwa katikati yetu. Wageni hukionea huruma. Mimi nilishaacha hata kukisikia, ila kikikosekana.

Siku moja kabla ya kuondoka nilijilaza baada ya chakula. Nilipoamka, kitandani nilikuwa peke yangu. Nikasikiliza kama kawaida yangu. Uani, kimya. Ukumbini, kimya. Msalani, kimya. Nikatoka mbio na ndara moja yangu, moja yake.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Si kapanda kilimani, kwenye tangi la maji," mwenye nyumba akajibu, huku akikung'uta mkeka.

"Kilimani? Na wewe ukamwachia? Yule ni mgonjwa!"

"Mgonjwa gani? Kapita hapa anaimba."

"Bwana Unga haimbi!"

"Basi kuna mwingine kavaa fulana yake."

Sikungoja zaidi. Kilima chenyewe si kilima, ni adhabu. Nilikipanda roho mkononi, nikimlaani daktari, nikiulaani mji, nikiahidi kwamba nikimkuta hai nitamuua mwenyewe. Karibu na juu nikaishiwa pumzi, nikashikilia ukuta wa tangi. Ndipo nikaisikia sauti yake upande wa pili.

Alikuwa amekaa kivulini na mlinzi wa tangi, anamsimulia habari za mbuzi aliyeingia kwenye mashine ya kusagia. Hadithi hiyo naijua. Nimeisikia tangu tukiwa wachumba. Mbuzi mweusi anaingia, anaparamia magunia, unga unammwagikia mwili mzima, mwenye mbuzi anaitwa... na hapo kila mara kikohozi humkamata, watu humpigapiga mgongo, mazungumzo yanahama. Sikuwahi kuisikia mwisho. Miaka yote hiyo, jamani, sijawahi.

"Mwenye mbuzi akaja," Bwana Unga akaendelea, "akamtazama toka kwato hadi pembe. Akasema, 'Wangu mweusi. Huyu mtafutieni mwenyewe.' Akaenda zake! Mbuzi anamfuata nyuma analia, yeye anamfukuza, 'Toka, usinizoee!'"

Mlinzi alivunjika mbavu. Mimi nikaketi palepale chini na kulia kama mtoto.

Bwana Unga akazunguka ukuta, akanikuta. Akapiga magoti upesi, akanishika mikono.

"Pole, mama watoto, pole. Nimekuona wiki nzima unavyoteseka, na nikacheka tu kama mjinga. Mji haukupendezi. Si nilikuahidi? Kesho tunarudi kwetu, na habari za jangwa zimekwisha."

Lile neno nililolisubiri wiki nzima, hilo limeletwa mpaka mkononi. Na kalisema lote kwa pumzi moja.

"Nani kakwambia haunipendezi?" nikamfokea.

"Wewe! Tangu tumeshuka kwenye basi!"

"Ndivyo ninavyopenda vitu. Hunijui?"

Akanikodolea macho. Kisha tukashuka, yeye mbele anaimba. Sauti yenyewe mbaya, Mungu amsamehe.

Jioni nikampigia simu mdogo wangu. Nikamwambia mji ni mbaya kupindukia, nyanya zake zimezeeka kuliko mimi, mchanga nitautema mpaka mwakani.

"Nilijua tu!" akashangilia. "Chai nitaiweka keshokutwa asubuhi, mapema. Unasikia, dada?"

Nilikuwa sisikii vizuri. Uani Bwana Unga alikuwa ameanza upya habari za mbuzi, mwenye nyumba anachekea hata pasipochekesha. Nikasubiri pale panapokwama. Akapapita.

"Dada? Upo?"

"Nipo," nikasema. "Zile mboga zangu, anza kuzimwagilia wewe."