Kipenga cha Eliamini

Jumamosi ile Lydia alichemsha ndizi, akazifunga kwenye jani, akashuka uwanjani mapema apate nafasi karibu na goli la juu, upande wa mlima. Uwanja wote ulikuwa kihamba cha marehemu mumewe, shamba alilorithi kwa baba zake, na kaburi lake lilikuwa ndani ya mistari, hatua sita kutoka kwenye kibendera cha kona. Chuo cha ualimu kilipolichukua shamba, Mzungu mkuu wa chuo aliandika karatasi: siku mpira utakapoisha timu ya chuo ikiwa mbele kwa mabao dhidi ya timu ya makarani wa mjini, ardhi itarudi kwa wenyewe. Aliandika huku akicheka, maana timu ilikuwa mbovu.

Ndiyo maana Meru nzima hapakuwa na shabiki kama Lydia. Mwaka wa kwanza chuo kilifungwa saba, akasema vijana wamechoshwa na mitihani. Mwaka wa pili kikafungwa manne, akarudi nyumbani anaimba. Mwaka wa tatu wakatoka sare. Chiku, muuza maandazi kutoka mjini, hakuacha kumchokoza.

"Shoga, unawapigia vigelegele waliokuhamisha?"

"Wakishinda wao, narudi mimi."

Mwaka wa nne, Jumamosi ile, Bariki, kijana wa Maji ya Chai aliyechezea chuo, alifunga kwa kichwa dakika za mwisho, chuo kikawa mbele. Refa alikuwa Eliamini, mwana wa Lydia wa kumzaa, mwalimu wa pale pale chuoni. Saa aliyovaa aliazimwa na Mzungu. Lydia alimwona akitia kipenga mdomoni. Hakupuliza.

Jua likazama, wakaendelea kucheza. Jumapili mchungaji alihamishia ibada pembeni mwa uwanja, akaomba kwa sauti ya chini asiwasumbue. Masika yakaja, wakacheza kwenye tope. Kahawa ikaiva, ikachumwa, ikaiva tena. Bariki alifungia ndoa kwenye mstari wa kati, akauachia mkono wa bibi arusi mpira ulipomjia. Makarani waliostaafu walitoka, wakaingia wapya. Golikipa aliota mvi, akaomba kiti, akapewa. Bendera ya Mwingereza pale ofisini ilichakaa, ikabadilishwa mara mbili. Hata faulo Eliamini aliziamua kwa mkono, mtu asije akaelewa vibaya.

Wazee walipokwenda na ile karatasi, Mzungu aliwasomea taratibu: mpira ukiisha. Wakatazama nje dirishani, wakakubali kwamba haujaisha. Watu wa pale Tengeru wakiulizwa habari za timu walijibu kuwa inaendelea vizuri, na hawakusema uongo.

Eliamini akapewa nyumba ya bati karibu na ofisi. Chakula aliletewa uwanjani, akala huku anakimbia.

Mwaka wa tisa, mpira ulipopotelea kwenye mahindi, Lydia alivuka mstari na kuingia ndani. Wachezaji wakampisha. Bariki, ambaye sasa alikuwa na watoto wanne, alimwamkia shikamoo.

"Eliamini, unamkanyaga baba yako."

"Huwa napita kando, mama."

"Imebaki dakika ngapi?"

Akaitazama saa. "Moja."

"Hata ulipooa ilikuwa moja."

Eliamini aliangalia viatu vyake. "Nikipuliza, ile nyumba wanaichukua. Wanangu watalala wapi?"

"Hapa. Kihambani kwao."

Eliamini akakifuta kipenga kwenye shati, akakitia mdomoni, akapuliza, mlio mrefu uliofika hadi barabarani. Bariki akajitupa chini. Golikipa akainuka kitini. Lydia akapiga goti moja, akaushika udongo.

Eliamini akanyoosha mkono kuonyesha nje ya mstari. Alisema mchezo hauwezi kuendelea mtu asiyehusika akiwa uwanjani.

Lydia alijikung'uta, akatoka. Mpira ukarushwa. Chiku alimsogezea andazi, wakaketi wakitazama. Chuo kilikuwa kinaongoza.