Mafiga ya Jombo

Mjukuu wangu Nusra alikuja na nyundo badala ya sukari. Anasomea mawe chuo kikuu, na mwalimu wake alimtuma Kilima cha Jombo atafute mahali ambapo zamani uji wa mawe, wenyewe huuita magma, ulipanda kutoka chini ukakutana na jiwe la mchanga. Asipopaona, kazi yake ya mwaka haipiti, na gari la chuo lingemchukua Ijumaa. Siku tatu alirudi na upupu tu. Mimi nilikuwa nikipajua, lakini aliiuliza ramani, hakuniuliza mimi. Tena nilipenda alale kwangu.

Alhamisi asubuhi nilimkuta jikoni amechutama. Figa langu moja lilikuwa vipande viwili, na sufuria ya maharage imelala ubavu.

"Shikamoo, Bibi. Nisamehe. Jiwe hili ulilitoa wapi?"

"Marahaba. Inua sufuria kwanza."

Nilimwambia kwetu figa halibadilishwi moja. Matatu hutolewa mahali pamoja, siku moja, ama sivyo hugombana motoni na chakula kikamwagika. Kwa hiyo angenibebea matatu mapya, kutoka palepale. Alikubali upesi mno, nikaongeza na kuni.

Nilimpeleka korongoni, nyuma ya kilima, palepale mama yangu aliponipeleka kabla sijaolewa. Upande mmoja jiwe jeusi. Wa pili jiwe la mchanga, ila si lile laini la shambani. Hili ni gumu, lina vishipa vya kijani, na halipasuki motoni. Ndani ya lile jeusi mmenasa mapande ya mchanga, kingo zimelainika kama sukari guru kwenye chai.

Nusra alipiga magoti. Akanieleza kwamba moto ulilioka jiwe la mchanga likakaza, kisha maji ya moto yenye chumvi kama ya magadi yakapenya, yakaula mchanga, yakaacha ukijani ule.

Nikamuuliza kama jiwe jeusi lenyewe lilisalimika.

"Hata kidogo, Bibi. Lilimeza mapande ya mwenzake, nalo likabadilika."

"Basi ni mimi na babu yako. Alitoka Samburu anawaka."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akapiga picha, akagonga vipande, akaviandika namba. Mafiga yangu aliyabeba moja moja, safari tatu, anaimba. Mimi nilikaa kivulini nikimwelekeza njia ambayo sasa aliijua.