Chai Aliyoandaliwa Daktari Kobia

Gumato alipomwona Daktari Kobia, mwalimu wake wa chuo kikuu, akishuka kwenye Landrova mbele ya duka la baba yake, moyo ulimwenda mbio. Mwaka 1979 ulikuwa ukingoni, na tasnifu yake juu ya visima vya Kipsing ilikuwa bado kichwani. Bila tasnifu hakuna shahada, na mtaa mzima ulikwisha kumwita profesa.

Gumato alikuwa msichana mwenye akili kali kama wembe, hilo hakuna aliyebisha. Ugonjwa wake ulikuwa neno moja tu: kesho.

"Habari, Gumato. Naenda Marsabit, nangoja msafara wa polisi utoke. Nikaona nipitie nikuulize..."

"Karibu ndani, mwalimu! Kwanza chai."

Kwao mgeni haulizwi wala hasemi shida yake kabla hajashiba. Desturi hiyo haikuwahi kupata mfuasi mwenye bidii kama Gumato siku ile. Kikombe kikipungua, anajaza. Yakaja maziwa ya ngamia, ikaja nyama ya kukaangwa kwa samli. Kila Daktari akifungua mdomo, sahani inamuwahi.

"Wewe, mgeni hii atapasuka!" mama yake akamnong'oneza jikoni.

"Kidogo tu, mama. Msafara iko karibu kutoka, ataenda nayo."

Kweli, honi zikalia, kizuizi cha barabarani kikafunguliwa, magari yakaondoka. Daktari alikuwa bado anatafuna. Na siku zile, kwa hofu ya majambazi, hakuna aliyeruhusiwa kuifuata njia ile peke yake. Gumato akaduwaa. Pamoja na akili zake zote, hilo hakulifikiria: mgeni sasa analala kwao.

Daktari akafuta midomo. "Hujaandika hata ukurasa mmoja."

"Umejuaje, mwalimu?"

"Aliyemaliza kazi yake hamlishi mgeni hivi." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Unaogopa karatasi itasema huna ile akili watu wanakusifia."

Gumato akainamisha kichwa, machozi yakamtoka.

"Basi andika vibaya. Yaliyoandikwa vibaya nitakusaidia kurekebisha. Ya kichwani siwezi. Leta karatasi."

Hakumfukuza! Gumato alihisi mzigo wa mwaka mzima ukimshuka, hata pumzi ikawa tamu. Akaketi, akaandika sentensi mbovu, kisha nyingine, na ya tatu haikuwa mbovu sana.

Jioni mama yake akaingia na birika.

"Chai ingoje, mama," Gumato akasema, bila kuinua kalamu.