Msumeno wa Cent Dix

Wewe unayenisikiliza, umeshawahi kuona mutu anaiendea hatari, na heshima imekufunga mdomo? Ndivyo ilivyompata Mama Masika, pale Majengo, katika atelier, karakana ya mbao aliyoachiwa na mume wake.

Msumeno wenyewe, wa kuzunguka juu ya meza, ulikuwa wa zamani, wa mapadri, wa cent dix, volti mia na kumi. Courant, umeme wa mtaa, ni deux cent vingt, mia mbili na ishirini, kwa hiyo ulikuwa unakunywa kupitia transfo, lile sanduku zito la kupunguza nguvu. Transfo hiyo ndiyo iliyomwangusha mume wake, alipoigusa na mikono yenye maji. Sasa nayo ikaungua. Bienvenu, kijana wa milima ya Masisi aliyemuoa binti yake Micheline, akasema transfo haina kazi tena: atafungua moteri, apange nyuzi za ndani upya, inywe deux cent vingt yenyewe.

Namna Masika alivyolelewa kwao Butembo, mama mukwe hasemi na mukwe wake uso kwa uso, wala hamuiti jina. Maneno yalipitia kwa Micheline, na Micheline alikuwa ameenda Kibati kununua makala ya kupikia. Masika akakaa nyuma ya pazia, akichungulia pembeni, sahani ya maharagwe ya kuchambua magotini. Kila mara mkono wa kijana ulipoingia kwenye moteri, aliacha kuchambua.

Mwishowe akauambia ukuta, "We ukuta, mutu akifungua moteri, anachomoaka fishi ya courant kwanza."

Bienvenu alielewa. Bila kuinua macho, naye akaujibu ukuta uleule: "Ukuta, umwambie mama fishi iko inje tangu asubui. Hata panya hawezi kufa hapa."

Masika akaona haya. Akajiambia hatasema tena.

Bienvenu akafunga kifuniko, akachomeka fishi, akabonyeza. Masika alifumba macho. Moteri ikanguruma, moshi haukutoka.

"Imekubali," Bienvenu akasema, akicheka peke yake.

Masika akafumbua macho, akaona vumbi. Miaka yote vumbi la msumeno lilikuja mlangoni. Yeye ndiye aliyelifagia kizingitini. Leo lilikuwa linakimbilia ukuta wa nyuma. Meno yaliyokuwa yanashuka kuuma mbao, sasa yalikuwa yanapanda. Msumeno ulikuwa unazunguka kinyume. Na mume wake alizoea kusema: nati ya msumeno inajikaza kwa mzunguko wake, ukiugeuza, nati inajifungua yenyewe, na chuma kinatoka kwenda kinapotaka.

Bienvenu alikuwa ameshashika ubao wa libuyu, kifua mbele ya meno.

"Ukuta," Masika akaanza, "vumbi..." Mngurumo ukayameza maneno. Msumeno ukaanza kuyumba, kidogo tu, kama mutu mwenye homa.

Akasimama. Maharagwe yakamwagika. Akavuta pazia.

"Bienvenu."

Kijana hakugeuka.

"Bienvenu, zima. Zima, mutoto wangu."

Kusikia jina lake katika mdomo ule, Bienvenu alishtuka kuliko vile angeshtushwa na courant. Akaachia ubao, akazima. Msumeno ulichukua muda kutulia, ukigonga ubavuni. Uliposimama aligusa nati. Ikazunguka kwa vidole viwili, bila ufunguo wa nati. Akakaa chini kwenye vumbi.

"Ni nyuzi mbili tu, zile za kuanzishia," alisema baadaye, macho chini. "Nilizipishanisha. Nazigeuza sasa hivi, mama, itakuwa muzuri."

"Acha."

Masika alikuwa anamtazama usoni, mara ya kwanza tangu arusi. Kijana alikuwa mudogo kuliko Masika alivyodhani, ndevu zenyewe za kuhesabika.

"Courant ilishakula bwana yangu hapa," akasema. "Tangu ulipofungua hiyo moteri, iko neno nilikuwa nataka kusema. Sitaki huu musumeno, Bienvenu. Tuuuze. Miye nataka Micheline azeeke na bwana yake."