Koti la Mwanzilishi

Mji ulipokaribia kutimiza miaka mia moja, halmashauri ilitafuta mtu wa kuigiza mwanzilishi wake, na katika wanaume wote wenye miguu miwili wakamchagua shemeji yake fundi. Sababu ilikuwa pua. Pua ya mwanzilishi kwenye picha ya ofisini na pua ya shemeji, walisema, zilitoka tumbo moja. Fundi alipoambiwa alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

"Dada, usicheke," mdogo wake akamwambia. "Mume wangu amepata heshima."

"Pua yake ndiyo imepata. Yeye mwenyewe hajafanya kitu tangu akuoe."

Fundi alikuwa mtu wa kazi. Alishona sare za shule mbili katika chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani ikiangalia dirisha. Shemeji na mkewe walikuwa wamekuja kukaa humo wiki mbili tu, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Sasa akaletewa kitambaa cheusi kizito, vifungo kumi na viwili vya shaba, na picha ya koti. Akampima shemeji kama mtu anayepima gunia.

Tangu siku hiyo shemeji akapandwa na uanzilishi. Akawa anakunywa chai amesimama dirishani, mkono mmoja mgongoni, akiutazama mtaa kana kwamba bado anafikiria pa kuuweka. Ukimuuliza kama amefunga mlango, anajibu, "Enzi zetu milango haikufungwa." Kila mchana alikula na kamati ya sherehe, na kila jioni alirudi amejaa zaidi. Huko nje nako watu walikuwa wamerukwa na akili. Nyumba za barabara kuu zilipakwa rangi upande wa mbele tu, mashimo yakafunikwa kwa vyungu vya maua, na muuza viatu aliyehamia juzijuzi akaanza kusema "sisi wenye mji."

Siku yenyewe fundi alisimama nyuma ya jukwaa, sindano na uzi vimechomekwa kifuani, kama kamati ilivyomtaka. Shemeji akapanda na koti lake. Mgeni rasmi alipotajwa, shemeji akainua mkono kupungia watu, na fundi akasikia mlio anaoujua vizuri kuliko jina lake: mshono wa mgongo umeachia, toka kola mpaka kiunoni. Shati likachungulia, lile lenye doa la mchuzi.

Alitamani kumwacha, tena sana. Lakini uwanja mzima usingesema shemeji amenenepa kwa vya bure; ungesema fundi hajui kushona. Akapanda ngazi za nyuma ameinama, akajibanza nyuma ya lile bonge la mgongo, akaukamata mshono kwa mikono miwili.

"Nani huyo?" shemeji akanong'ona.

"Mimi. Vuta tumbo ndani. Ukipumua sana nakuchoma."

Mgeni rasmi alihutubia saa nzima na dakika kumi. Alimsifu mwanzilishi kwa maono, kwa uvumilivu na kwa kujinyima, na kila aliposema kujinyima, kitambaa kilimkaza fundi vidoleni. Jasho la shemeji likamlowesha viganja. Akaanza kushona palepale, polepole. Shati na kiuno cha suruali navyo vikanaswa na uzi, vikashonwa pamoja na koti. Kuna wakati alimhurumia, maana mwanaume alikuwa akiiba pumzi kidogo kidogo. Huruma ilidumu mpaka alipomsikia akiitikia shangwe: "Asanteni, wanangu!"

Jioni koti halikuvulika bila mkasi. Shemeji akakaa mezani amekauka kama ubao, akingoja fundi amalize kula. Fundi hakuwa na haraka.

"Lakini uliniona?" shemeji akauliza, macho yakimng'aa. "Mji mzima ulinipigia makofi!"

"Niliona mgongo," fundi akasema, akajiongezea mboga.

Alipomaliza akanawa mikono, akaifuta kidole kwa kidole, ndipo akauchukua mkasi.

"Haya, geuka."