Mkalimani wa Mto Mkavu

"Rudia," Ndila akasema. "Rudia polepole, na usinizungushe."

Wagaki, mwanafunzi wa chuo kikuu, akarudia. Walikuwa wamechuchumaa nyuma ya ukuta wa bwawa la mchanga, ule unaozuia maji chini ya mchanga wa mto mkavu, upande wa chini wa Ekalakala, mahali ambapo sauti haiwafikii kina mama waliokuwa wakikusanyika mtoni. Maji ya visima viwili vya juu, vilivyochimbwa mchangani, hayakuwa na neno. Ya kisima cha tatu yalikuwa na uchafu wa choo, tena mwingi. Alipopima mara ya kwanza alidhani amekosea, akapima tena.

Kisima cha tatu ni cha Ndila. Ndicho chenye maji matamu, na tangu vile viwili vianze kutoa maji ya kudondoka tu, kijiji kizima kinateka hapo.

"Choo gani? Choo chetu kiko kule juu kwa mawe."

"Ni kile kingine, mwaitu," Wagaki akasema, akimwita mama kwa Kikamba. " Cha mke wa Muema."

Ndila alikijua choo hicho. Mwanawe Muema alipoleta mke nyumbani, mume wa Ndila, mzee Masila, alikataa katakata kutumia choo kimoja na mkaza mwana, na nani angemlaumu? Baba mkwe na mke wa mwanawe hawafuatani njia hiyo. Ni aibu ya tangu zamani, na kanisa lenyewe halijaifuta. Basi kukaitishwa mwethya, watu wakaja kusaidiana kuchimba choo cha pili. Juu ni mwamba mtupu, ukipiga sururu unaona cheche. Chini karibu na mto udongo ni laini kama ugali. Vijana waliimba, wakamaliza kabla jua halijawa kali. Na aliyewaonyesha mahali ni Ndila mwenyewe.

"Na mtoto wa Kamanthe?" akauliza.

Mtoto mdogo wa jirani yake Kamanthe alikuwa kaburini, na udongo wake ulikuwa bado haujashika rangi ya udongo mwingine. Aliharisha mpaka akawa kama kitambaa kilichokamuliwa. Siku zile zote za ugonjwa, Ndila ndiye aliyempelekea maji ya kunywa, akisema, mpe haya, haya yamechujwa na mchanga.

"Siwezi sema ni hii maji ilimuua," Wagaki akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Na siwezi sema si hii. Sijui, mwaitu. Hakuna mtu atawahi kujua."

Hata kazi hii yenyewe ya kumlea na kumtafsiria mwanafunzi Ndila hakuiomba. Chuo kikuu ndicho kilichomfuata. Kilitaka kila mwanafunzi wa shahada ya juu awe na walezi wawili, mhadhiri mmoja na mtu mmoja wa kijijini, wamfundishe kuzungumza na watu na siyo kuwapima tu kama mbuzi wa mnada. Ndila alikubali kwa sababu ya wale waliotangulia. Walikuja, wakachota maji kwa vichupa, wakapiga picha, wakaenda na wasirudi. Kwa hiyo siku ya kwanza alimwambia Wagaki mbele ya mhadhiri wake, Daktari Musau: "Ukipata jambo, zuri ama baya, utakuja kutuambia hapa hapa mchangani, uso kwa uso, kabla hujaliandika popote." Musau akalipenda neno lile, akalifanya sheria kwa wanafunzi wake wote.

"Daktari amesema kama ni ngumu kwako, tutafute mkalimani mwingine," Wagaki akasema.

"Mwingine nani? Inuka twende."

Kina mama walikuwa wamekaa kwenye mchanga, miguu wameinyoosha, mitungi yao ya plastiki kando. Wengi wao Kiswahili chao ni cha sokoni, cha bei ya ndengu na kusalimiana. Syokau, ambaye hata matangani haachi utani, akamkaribisha mgeni kwa Kikamba: "Haya, msichana wa chuo, umesoma miaka yote hiyo uje utuambie maji hulowesha?"

Wakacheka. Kamanthe, aliyekaa pembeni peke yake, hakucheka.

Wagaki akaongea kwa Kiswahili, kwa kirefu. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hukimbilia maneno makubwa. Akasema vimelea, akasema uchafuzi, akasema chanzo kinachotiririsha. Alipomaliza akamgeukia Ndila, na kina mama wote wakamgeukia Ndila.

"Anasema," Ndila akaanza kwa Kikamba, "anasema maji ya mto huu wote ni vizuri kuyachemsha."

"Kuchemsha!" Syokau akapiga makofi. "Na kuni nitoe wapi? Nichome mguu wa mzee wangu? Hata hivyo hautumiki."

Kicheko kikaruka mpaka ukutani. Wagaki akainama karibu na sikio la Ndila.

"Mwaitu, mimi nimeongea mrefu. Wewe umemaliza haraka sana."

"Kikamba ni kifupi."

Wagaki hakukaa. Alibaki amesimama pale juani, mikono imeshikana mbele kama mtu aliyesahauliwa mlangoni.

Watu wakaanza kujipangusa mchanga. Kamanthe akawa wa kwanza kuinuka, akauchukua mtungi wake akashuka kwenye kisima cha Ndila.

"Mama Muema, niache niteke mbele yenu," akasema. "Nimemwacha yule mtoto mkubwa amelala. Leo asubuhi aliamka na joto."

Akainama. Kibakuli kikaingia majini, kikatoka, kikamimina. Kikaingia tena. Ndila alikiona kikipanda na kushuka, na alipokuja kujijua alikuwa tayari ameingia kisimani na viatu vyake, ameushika mtungi kwa mikono miwili.

"Weka chini."

"Kwani nimekosa nini?"

"Kamanthe, weka chini. Maji haya ni mabaya. Yameingiliwa na choo. Ni choo chetu, kile cha mke wa Muema, na mimi ndiye niliyeonyesha pa kuchimba."

Aliyasema kwa Kikamba. Kisha akageuka akayasema tena kwa Kiswahili, yote, bila kupunguza, kama kwamba Wagaki ndiye aliyehitaji kuelezwa.

Hakuna aliyecheka.

"Tangu lini?" Kamanthe akauliza.

"Huyu msichana hajui."

"Sijamuuliza yeye."

Ndila akazidi kuushika mtungi.

"Ulikuwa unaniletea mpaka nyumbani," Kamanthe akasema.

"Nilikuwa nakuletea."

"Ulikuwa unafunika na sahani, vumbi lisiingie."

"Nilikuwa nafunika."

Kamanthe akaachilia mtungi. Ulibaki mikononi mwa Ndila, nusu umejaa, ukimvuta chini.

"Sasa tunywe nini?" mtu akauliza nyuma. Hakuna aliyemtafsiria Wagaki, lakini alielewa, maana aliinamisha kichwa. Syokau mwenyewe alitazama vidole vya miguu yake. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu la kudanganya watu.

Kamanthe akatoka kisimani, akaelekea juu ya mto mikono mitupu. Mwingine akamfuata na mtungi, halafu mwingine. Wakapanga mstari kwenye kile kisima cha kudondoka, na muda si muda kikasikika kikombe kikikwangua mawe chini kabisa.

Ndila akayamwaga maji, akampa Wagaki ule mtungi, akamwambia ampelekee Kamanthe. Kisha akachukua wake, mtupu, akaenda kusimama nyuma ya wote.

Mwanamke aliyekuwa mbele yake hakugeuka. Baada ya muda, bila kugeuka, akasogea hatua moja mbele na mtungi wake, na kati yao ukabaki mchanga mtupu, nafasi ya kumtosha mtu mmoja. Ndila akautazama ule mchanga. Hakujua kama amesogezewa nafasi au amekimbiwa.